Damu ya Mzee Sakafuni

Simu ililia kituoni saa nne na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi. Sajenti aliipokea, akaandika mistari mitatu, akasimama wima kana kwamba bendera inapandishwa.

"Afande, tukio. Karakana ya nyuma ya posta. Wizi, na damu ya mzee imetapakaa sakafu nzima."

"Mzee yu hai?"

"Aliyepiga hakusema."

"Aliyepiga ni nani?"

Sajenti alitazama daftari lake. "Hilo nalo hakusema. Sauti ilikuwa inatetemeka, afande. Kisha akakata."

Inspekta aliiacha chai yake. Alikuwa mama wa watoto watatu, na kwa miaka kumi na miwili hakuwa amemaliza kikombe kikiwa bado cha moto, si kazini wala nyumbani. Alichukua glavu, utepe wa polisi na Sajenti, kwa mpangilio huo.

Mlangoni mwa karakana walimkuta mzee amekaa kwenye stuli, kanyolewa ndevu vizuri, nguo safi, hana hata mchubuko.

"Shikamoo, mzee. Umeumia wapi?"

"Marahaba. Hapa." Mzee aligusa kifua.

"Nani kakupiga?"

"Hakuna aliyenipiga, mwanangu. Nimeibiwa."

"Na damu?"

"Ile pale. Damu ya mzee. Kopo zima. Nimeichanganya siku nne."

Inspekta aliinama juu ya dimbwi lililokuwa katikati ya sakafu ya saruji. Akanusa. Rangi ya mafuta. Nyuma yake Sajenti alikuwa ameshachovya pamba, ameitia kwenye kichupa cha sampuli, na kiatu chake cha kulia kilikuwa ndani ya dimbwi mpaka kwenye kamba.

"Sajenti, toka kwenye ushahidi."

"Ndiyo, afande. Lebo nimeshaiandika."

"Umeandikaje?"

"Damu ya mzee."

"Basi hujakosea. Kaa nayo."

Ukweli ni kwamba Inspekta aliiona rangi ile kuwa ya zambarau zaidi kuliko damu ya mzee. Mume wake alikuwa akiliita pazia la bluu "lile la kijani" kwa miaka kumi na mmoja, na ndoa ilikuwa inaendelea. Mambo ya rangi, kila mtu na jicho lake.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha pana. Rafuni vilipangwa vichwa vya treni za kuchezea, mabehewa, taa za ishara zenye urefu wa kidole, na tangi la maji la bati lenye ngazi ya waya. Vyote vya zamani, vyote vimerudishiwa uhai. Mtaani walimwita mzee huyo Fundi Treni, ingawa treni ya kweli hakuwahi kuigusa.

"Kimeibiwa nini?"

"Kituo. Kituo cha bati, cha kuweka kando ya reli. Kina paa, bomba la moshi na benchi la abiria."

"Kile kichwa cha treni rafuni, kina thamani gani?"

"Zaidi ya vyote vilivyomo humu."

"Hawakukigusa?"

"Hawakukigusa."

Inspekta aliandika. Mwizi asiyejua thamani, au anayeijua mno.

"Kituo ni cha nani?"

"Cha mwalimu mmoja wa muziki. Alikichezea sakafuni na marehemu baba yake. Anakuja kukichukua kesho saa kumi." Mzee alikunja mikono. "Nilimwahidi atakiona kama kilivyokuwa siku kilipotoka dukani. Leo nikaenda kunyoa, nionekane mtu mbele yake. Nimerudi, hakipo. Na shahidi naye wamemchukua."

Sajenti aliinua kichwa. "Shahidi ametekwa?"

"Alikuwa kwenye kiberiti."

Sajenti alimtazama Inspekta. Inspekta alitazama dari.

"Mzee, tueleze polepole. Huyu afande anaandika kila kitu."

Mzee alichangamka kidogo, kama watu wote wanaoulizwa kazi yao. Alieleza kwamba rangi ya juu ya paa huwa ya uongo. Jua limeila miaka na miaka. Ukitaka rangi yenyewe, ng'oa bomba la moshi. Chini yake kuna duara dogo ambalo jua halijawahi kuliona, na hapo rangi bado ni mbichi kama siku ilipopakwa. Paa la kituo hiki lilikuwa limeliwa na kutu, akalitengeneza jipya. Lakini kile kibati cha chini ya bomba alikihifadhi kwenye kiberiti. Hicho ndicho alichokiita shahidi.

"Nampeleka dirishani saa nne, mwanga ukiwa mweupe. Naweka rangi mpya ubavuni mwake. Wakitofautiana, narudi kuchanganya. Nikishindwa kabisa kuwatofautisha, nimepata."

"Na safari hii?"

"Sijawahi kupata kama safari hii. Nilitazama mpaka macho yakatoa machozi. Hawakutofautiana hata chembe." Alitazama sakafu. "Miaka arobaini na mmoja sijakosea rangi. Niliapa, siku nikikosea nafunga mlango. Sasa nitaufunga bila hata kukosea."

Kufuli halikuvunjwa. Dirisha lilikuwa na vyuma.

"Nani ana funguo?"

"Mimi na mama watoto. Mwanangu alikuwa nao, akaurudisha."

"Kwa nini?"

"Muulize yeye."

Inspekta alizunguka chumba mara ya pili. Alisimama kwenye kona. Juu ya rafu kulikuwa na zulia dogo, limekunjwa vizuri mara tatu.

"Hili linakaa humu siku zote?"

"Hapana. Linakaa pale katikati, chini ya stuli, miguu yangu isipate baridi."

"Nani kalipandisha?"

Mzee alikunja uso. "Sijui."

Inspekta alitazama stuli, iliyohamishiwa mlangoni, kisha dimbwi. Rangi ilikuwa imemwagika palepale pa zulia. Mfuniko wa kopo ulikuwa mezani, umewekwa chali juu ya gazeti. Yaani mwizi alikunja zulia, akalihifadhi, akatandika gazeti lisichafue meza, ndipo akamwaga rangi. Wezi wa namna hiyo Inspekta hakuwafahamu kazini. Alimfahamu mmoja nyumbani kwake, na alikuwa yeye mwenyewe. Anayeogopa zulia kuchafuka ni yule atakayelifua.

Wakati huo mke wa fundi aliingia, mama mnene wa haraka haraka, kabeba kikapu kikubwa cha ukindu.

"Poleni na kazi, wanangu. Mmekunywa chai?"

"Asante, mama. Ulikuwa wapi asubuhi?"

"Sokoni."

"Umenunua nini?"

"Vitunguu."

Inspekta alichungulia. Vitunguu vitatu, chini kabisa ya kikapu ambacho kingebeba mbuzi.

"Leo soko gumu," alisema Inspekta.

"Gumu sana," alisema mama, wala hakumtazama.

Jirani wa ukuta mmoja alikuwa fundi cherehani, mwanamke mwembamba mwenye pini mdomoni. Alizitoa ili aseme vizuri.

"Mimi si mtu wa umbea, afande."

"Najua. Ulisikia nini?"

"Jumanne, mama yule alikuwa kwenye simu, huku nyuma. Nilisikia kwa masikio haya. 'Mtoto ameshakomaa. Hakuna dawa tena, atolewe tu. Tukichelewa, atamharibia mzee kila kitu.'"

"Mtoto gani?"

"Wana mwingine? Yule mpuliza rangi za magari. Miaka sita haongei na baba yake. Aliondoka humu kabamiza mlango, nikashona kidole changu."

Nje, Sajenti alisoma daftari kwa sauti ya kuridhika. "Mpaka sasa, afande: damu ya mzee imemwagika, shahidi ametekwa, mtoto anashukiwa, mama alitaka atolewe. Hii kesi ni kubwa."

"Ni kubwa kwenye daftari lako. Twende."

Gereji ilikuwa mitaa miwili mbele. Mpuliza rangi, ambaye wenzake walimwita Puliza, alikuwa anasugua mlango wa gari kwa msasa wa maji. Mtu wa miaka thelathini na kitu, mabega ya baba yake.

"Karibuni. Gari lipi?"

"Hatuna gari. Tunatafuta kituo cha treni."

"Mmepotea. Hapa gereji."

"Si kikubwa. Kinaingia kwenye kikapu."

Msasa ulisimama.

"Mara ya mwisho kuingia karakana ya baba yako ni lini?"

"Miaka sita."

"Mlikosana nini?"

"Nilimwambia nataka kupuliza magari. Akasema kupuliza si kupaka, hata chafya inapuliza. Nikaweka ufunguo mezani."

"Leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Shahidi wako yuko wapi?"

Jicho lake liliruka kwenye kabati la chuma la ukutani, likarudi. Mara moja tu. Ilitosha.

"Nyoosha mikono."

Alinyoosha. Kwenye ukucha wa dole gumba palikuwa na mstari mwembamba wa rangi.

"Hiyo rangi gani?"

"Damu ya mzee."

Sajenti alishika pingu.

"Acha pingu," alisema Inspekta. "Lete mguu."

"Mguu, afande?"

"Kiatu cha kulia. Weka juu ya tairi hapa. Na wewe, kijana, weka kidole pembeni ya kiatu."

Walifanya hivyo, kila mmoja akiona aibu kwa sababu yake. Mwanga wa mchana ulianguka juu yao wote wawili. Ukucha ulikuwa mwekundu uliokolea na kuiva, karibu na kahawia, kama damu iliyokwisha kauka. Kiatu kilikuwa zambarau tupu.

"Jina moja, rangi mbili," alisema Inspekta. "Nani kati yenu anadanganya, kidole au kiatu?"

Puliza aliuficha ukucha ndani ya ngumi.

"Baba yako alisema hajawahi kulinganisha vizuri kama safari hii. Alishindwa kabisa kuwatofautisha." Hapo neno lenyewe likamfikia Inspekta. "Mama yako aliposema mtoto amekomaa na atolewe, hakuwa anakusema wewe."

"Hapana."

"Mtoto wa jicho."

"Macho yote mawili," alisema Puliza, akakaa juu ya tairi kama mtu aliyetua mzigo. "Daktari wa macho aliniletea gari lake, nikamuuliza. Anasema kioo cha ndani ya jicho kinageuka manjano, kama globu ya jikoni iliyoshika moshi. Bluu haipiti. Mzee anazidisha bluu, na haioni. Kwake zambarau na damu ya mzee ni kitu kimoja."

"Kwa nini hamkumwambia?"

"Umeshamsikia alivyoapa. Akikosea anafunga. Akifunga atakaa kwenye kile kiti cha sebuleni, na mimi najua atakaa muda gani kabla ya kuzikwa."

Alifungua kabati. Kituo kilikuwa ndani, juu ya kitambaa safi, chini ya taa ya joto ya kukaushia rangi. Si kikubwa kuliko mkate. Kuta za rangi ya maziwa, benchi la kijani, madirisha yenye fremu nyembamba kama uzi, na paa jipya lililoiva vizuri, bado likinuka. Pembeni yake kiberiti kimeandikwa kwa penseli: SHAHIDI.

"Usimwambie, dada," alisema Puliza. "Nakuomba. Kirudishwe tu. Sema mwizi kakitupa getini. Kesho mwalimu atachukua, mzee atafurahi, yaishe."

"Na kazi inayofuata? Mtamwibia tena?"

"Sijui."

"Mtaiba mpaka lini? Mimi siandiki uongo kwenye jalada. Na mama yako hawezi kwenda kununua vitunguu vitatu kila wiki. Beba hicho kituo."

Mzee alikuwa palepale kwenye stuli. Mkewe alikuwa amepiga magoti, anasugua sakafu kwa tapentaini. Alipoona kituo mikononi mwa Inspekta, tambara lilisimama. Puliza alibaki nje ya kizingiti.

Mzee alikipokea kituo kama mtu anayepokea mjukuu. "Mmemkamata?"

"Tuko karibu. Kwanza nisaidie jambo moja." Inspekta aliweka vitu viwili kwenye ubao wa dirishani: kibati cha kwenye kiberiti, na kichupa cha Sajenti chenye pamba. "Hizi ni rangi mbili. Nitofautishie."

Mzee alizisogeza kwenye mwanga. Alivaa miwani, akavua. Akainamisha kichwa huku na huku.

"Ni moja," alisema.

Alimtazama mkewe, kisha Sajenti, kisha akarudi kwa mkewe. Mtu aliyeishi na mwanamke miaka arobaini huisoma sura yake hata kwenye ukungu.

"Si moja," alisema taratibu.

"Si moja, baba watoto."

"Ile yangu ikoje?"

"Zambarau. Ya biringanya."

"Juzi nilikuuliza, ukasema nzuri."

"Nilidanganya. Ulisimama hapo umeshika brashi, unacheka peke yako. Ningesemaje?"

Inspekta alikaa kwenye ukingo wa meza. "Mama, kituo kilitokaje humu?"

"Kwenye kikapu."

"Nani alikitoa?"

"Mimi. Alipokwenda kunyoa. Nilimpelekea mwanangu arudie paa. Nilitaka nikirudishe kesho mapema, niseme kimekutwa getini. Sikujua ataita polisi. Huyu hata fundi bomba haiti, bomba linatutiririkia mwaka wa tatu."

"Rangi uliimwaga kwa nini?"

"Kibanda cha mlinzi wa reli kilikuwa kinafuata. Angekipaka biringanya nacho." Alikunja tambara. "Miaka yote nawakataza watu kumwaga vitu kwenye sakafu hii. Leo nimeimwaga mwenyewe, kopo zima. Ndiyo hivyo. Mwizi ni mimi, andikeni."

Sajenti aliandika. Kisha akaacha, akatazama kiatu chake.

Mzee hakuwa anawasikiliza tena. Alikuwa amekipakata kituo, amefumba macho, na ncha ya ukucha wake ilikuwa inatembea taratibu kwenye ukingo wa paa, mahali pasipoonekana.

"Hii haikupulizwa," alisema.

Ukucha ulirudia njia ileile.

"Imepakwa kwa brashi. Mikono miwili ya rangi, kati yake imepigwa msasa laini. Na ukingoni haikujikusanya, imefutwa kwenda ndani." Alifumbua macho. "Watu wawili tu ndio wanaomaliza ukingo namna hii. Mmoja amekaa hapa."

"Namba mbili," sauti ilisema kutoka nje ya kizingiti. "Ile uliyonipa nikiwa darasa la tano."

"Nilidhani uliiacha pamoja na ufunguo."

"Ufunguo niliuacha. Brashi niliondoka nayo."

"Afande," mzee alimwambia Sajenti, "andika na hilo. Brashi namba mbili, nywele laini, imeibiwa miaka sita iliyopita."

Mkewe alicheka, akajifuta pua kwa kiganja kilichonuka tapentaini, akapiga chafya. Puliza akajisahau, akacheka naye.

Mzee hakucheka. "Niliapa nikikosea nafunga."

"Mzee," alisema Inspekta. Hakuwa na ufundi wa maneno matamu, hata watoto wake walilijua hilo. "Mimi ni mpelelezi. Nafuata ushahidi. Kazi inayotoka mlangoni humu kesho ni hii uliyoishika. Ina kosa?"

Mzee aligeuza kituo. Alitazama paa ambalo hakuweza kuliona vizuri, akaligusa tena.

"Haina."

"Basi hujavunja kiapo. Kuhusu macho, wanangu nawapeleka kliniki wakilia, wakirusha mateke. Wewe huna mateke ya kunishinda."

"Wanafanya siku moja tu," mkewe alisema haraka. "Nimeuliza. Asubuhi unaingia, jioni uko nyumbani. Wanasema watu wakitolewa kitambaa wanashangaa bluu ya mbingu."

Mzee alikifungua kiberiti, akamrudisha shahidi ndani, akakifunga. Kisha akafuta kichupa cha zambarau kwa shati lake safi, akakiweka rafuni, kati ya tangi la maji na taa za ishara.

"Hiki kikae hapa," alisema. "Nikirudi kutoka hospitali nataka kukiona kwa macho yangu, nijue nilifanya nini."

"Ni kielelezo cha polisi, mzee," alisema Sajenti.

"Mlalamikaji ni nani?"

"Wewe."

"Nimefuta. Sina malalamiko." Alitazama mlangoni. "Mpuliza magari mkubwa we, umesimama hapo kama bili ya umeme. Rangi hii inakauka kabisa lini?"

"Kesho saa nne," alisema Puliza. "Mwalimu akija saa kumi haishiki kidole."

"Na kibanda cha mlinzi?"

"Nitakichanganyia rangi. Ukitaka."

"Utachanganya, mimi nitapaka. Mkono haujaota mtoto." Mzee alishuka kwenye stuli, akamgeukia mkewe. "Haya. Nimekubali. Yule wa jicho atolewe." Akanyoosha kidole kwenye kizingiti. "Na huyu wa mlangoni aingie."

Puliza alivua viatu vya gereji, akaingia.

Sajenti alifunga daftari. Inspekta alitazama saa. Saa saba na dakika kumi, na kule kituoni chai yake ilikuwa imeshaota utando. Nyuma yake mama alipanda juu ya kiti, akashusha lile zulia kutoka rafuni, akalikung'uta mara mbili, akalitandika chini ya stuli.